Mwaniaji wa MCA Anaahidi Lami na Basari: Tumuulize Nini?

Swali

"Mimi ni mweka hazina wa kikundi cha akina mama huku Kwale. Uchaguzi bado, lakini wawaniaji watatu wa kiti cha MCA (mjumbe wa bunge la kaunti) wa wadi yetu wameshaanza kutuzungukia: MCA aliyepo, kontrakta mmoja wa barabara, na mwalimu mstaafu. Wote watatu wanaahidi lami, maji na basari za karo. Kontrakta ametuletea hema na viti mia moja, na wenzangu wanasema huyo ndiye mtu wa vitendo. Mimi moyo wangu hautulii. Nitajuaje nani mkweli? Na tukishampa kura, tutambana vipi?"

Jibu

Dada yangu, ahsante kwa kuuliza mapema. Wengi huniandikia mambo yakiwa yashaharibika, MCA kashahamia mjini na simu haishiki. Kura ni tarehe 10 Agosti 2027, Jumanne ya pili ya mwezi huo kama Katiba inavyotaka, kwa hiyo nafasi ya kuwapima hawa watatu mnayo.

Nianze na jambo ambalo huenda likawashtua wanakikundi wenzako. Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012, kifungu cha 9, inataja kazi za mjumbe wa bunge la kaunti: kukaa karibu na watu wa wadi yake na kushauriana nao, kuyafikisha maoni yao bungeni, kuhudhuria vikao vya bunge na vya kamati. Kisha kifungu hicho hicho kinamkataza kujiingiza, kwa mlango wa mbele au wa nyuma, katika kazi za utendaji za kaunti, au kutoa huduma kana kwamba yeye ni mfanyakazi wa kaunti. Kwa hiyo MCA hajengi barabara wala hachimbi kisima, na hana ruhusa ya kuamua nani apewe kandarasi. Hayo ni ya gavana, mawaziri wake wa kaunti na maafisa walio chini yao.

Msikate tamaa mkisikia hivyo, maana alichopewa MCA ni kikubwa kuliko tingatinga. Ibara ya 185 ya Katiba inalipa bunge la kaunti mamlaka ya kutunga sheria na ya kuichunguza serikali ya gavana. Bajeti ya kaunti haiwi bajeti mpaka bunge liipitishe. MCA anayejua kazi yake huhakikisha barabara yenu imo ndani ya vitabu vya bajeti kwa jina lake, kwa urefu wake na kwa kiasi chake cha pesa, halafu humwita waziri wa barabara mbele ya kamati aeleze kwa nini mwaka umeisha na greda haijaonekana.

Ndiyo maana swali la "utatujengea barabara?" halimsumbui mwaniaji hata kidogo. Atajibu ndiyo, na nyote mtapiga vigelegele. Muulizeni hivi: barabara yetu utaiingiza kwenye bajeti kwa njia gani, lini, na ikiwa imo lakini haikujengwa, utachukua hatua gani? Hapo ndipo mtaona nani ameusoma mchezo. Mpango wa maendeleo wa mwaka unaofuata hupelekwa bungeni kufikia tarehe 1 Septemba. Waraka wa sera ya fedha hufika kufikia 28 Februari. Makadirio ya bajeti huwa bungeni kufikia 30 Aprili, na yanatakiwa yawe yamepitishwa kabla ya 30 Juni kwisha. Mtu anayetaka kuwakilisha wadi na hajui kuwa barabara isiyotajwa kwenye mpango wa Septemba hupata shida kuingia kwenye bajeti ya Juni, anawaomba mumlipe miaka mitano akiwa mwanafunzi.

Muulizeni pia ni barabara gani. Ile kubwa ya Likoni kwenda Lunga Lunga ni ya serikali ya kitaifa. Hakuna MCA atakayeitia lami wala kuiziba shimo. Zipo nyingine zilizo chini ya KeRRA na KURA, mamlaka za kitaifa za barabara za vijijini na za mijini. Kabla ya mkutano, andikeni majina ya barabara tatu zinazowaumiza, kisha kila mwaniaji aseme ipi ni ya kaunti na ipi si ya kaunti. Anayeahidi zote bila kutofautisha ama hajui ama anajua na anawapaka mafuta kwa mgongo wa chupa.

Basari ni hivyo hivyo, ila ina mgogoro wake. Jedwali la Nne la Katiba linaipa kaunti chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini. Shule za msingi, sekondari na vyuo vikuu ni vya serikali ya kitaifa. Kaunti nyingi zimekuwa zikitoa basari za sekondari hata hivyo, na nyinyi Kwale mnaujua vizuri mpango wa Elimu ni Sasa. Mwanzoni mwa 2025 Mdhibiti wa Bajeti aliziandikia kaunti kwamba pesa za namna hiyo zinahitaji makubaliano rasmi kati ya serikali hizo mbili, na jambo hilo likaishia mahakamani. Sikutajii hayo ili mkatae basari, maana najua mtoto aliyerudishwa nyumbani kwa karo hangoji wanasheria wamalize. Nataka muulize swali la pili ambalo wawaniaji hawalipendi: orodha ya waliopata itabandikwa wapi? Ofisi ya wadi? Ukutani mwa chekechea? Jina la mtoto, shule na kiasi? Basari isiyo na orodha ya wazi huwa zawadi ya MCA kwa waliompigia debe, ingawa pesa ni zenu.

Sasa tuwatazame mmoja mmoja, kwa sababu kila mmoja ana karatasi zake.

Nitakaa zaidi kwa kontrakta. Kwanza hema na viti. Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya 2016 inahesabu kuwa ni hongo kumpa mtu pesa au kitu ili apige kura namna fulani au asipige, na adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi milioni 2, au kifungo kisichozidi miaka 6, au vyote viwili. Anayepokea kwa nia hiyo naye anaingia kwenye kosa. Simwiti mtu mhalifu kwa kuleta viti; hilo ni la mahakama. Lakini wewe ni mweka hazina, kwa hiyo fanya kazi yako ya uweka hazina. Kama kura ilitajwa wakati wa kukabidhi, rudisheni. Kama haikutajwa, andikeni kwenye kumbukumbu za kikundi: nani alileta, nini, siku gani, na kwamba kikundi hakikuahidi chochote. Kisha mpeni nakala. Mtu aliyetoa kwa moyo safi hatakasirika kupewa risiti.

Hizo pesa zinatoka wapi? Kenya ina Sheria ya Ufadhili wa Kampeni tangu 2013, iliyotaka viwango vya matumizi viwekwe na wanaochangia wajulikane. Uchaguzi wa 2017 ukafanyika bila viwango hivyo. Mwaka 2021 tume ya uchaguzi, IEBC, ilivitangaza, vikapingwa mahakamani na kukataliwa na Bunge la Taifa, na 2022 nao ukapita vivyo hivyo. Jambo hili linanichoma kila ninapolifikiria. Walionufaika na kampeni zisizo na ukomo ndio walioulizwa kama waziwekee ukomo. Kwa hiyo msitegemee ofisi yoyote kumlazimisha kontrakta aseme kiasi anachotumia. Muulizeni wenyewe, hadharani: kampeni hii inagharimu kiasi gani, na nani wanakuchangia? Mshahara wa MCA si siri. Tume ya mishahara, SRC, huutangaza katika gazeti rasmi la serikali. Uzidisheni kwa miezi 60, muweke pembeni ya hema, leso, pikipiki na mafuta. Pengo mtakaloliona litajazwa na mtu, na mtu huyo atataka kulipwa.

Swali lake la tatu ni la zabuni. Msajili wa kampuni hutoa fomu iitwayo CR12 inayoonyesha wakurugenzi na wenye hisa wa kampuni. Mtu yeyote anaweza kuiomba kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kwa ada ndogo. Kama mnalijua jina la kampuni yake, itoeni. Halafu aambiwe aseme mbele ya watu: ukichaguliwa, kampuni hii itaendelea kuomba kazi za kaunti ambayo wewe unaichunguza? Na ya mkeo? Na ya nduguyo? Tangu 2025 tuna sheria mpya ya mgongano wa maslahi inayombana mtumishi wa umma asifaidi binafsi kwa kiti chake, na ndiyo iliyochukua nafasi ya ile ya maadili ya 2003. Mwaniaji mwenye kampuni anapaswa kuwa na jibu tayari. Akijibu kwamba biashara yake haiwahusu, mshukuruni, maana ameshawajibu.

Tena kontrakta ana ushahidi ambao wenzake hawana: barabara alizojenga zimelala nje, hazisemi uongo. Kodini bodaboda akina mama watatu mwende baada ya mvua kubwa. Tazameni kalvati kama imeziba, tazameni kama changarawe imebaki au imeshaenda na maji, waulizeni wanaokaa kando ya barabara kama kazi ilimalizwa na kama vibarua walilipwa. Nusu siku hiyo itawafaa kuliko mikutano kumi ya hadhara.

MCA aliyepo ana deni la maelezo kubwa kuliko wote, kwa sababu yeye ana miaka ya kuonyesha. Ibara ya 196 inataka bunge la kaunti na kamati zake wafanye kazi mbele ya umma. Mnaruhusiwa kukaa kwenye ukumbi wa wageni na kusikiliza. Maneno yote ya vikao huandikwa kwenye Hansadi. Mwombeni karani wa bunge la kaunti rekodi ya mahudhurio ya mjumbe wenu, hoja alizowasilisha, maswali aliyomuuliza waziri yeyote, na kamati alizomo. Katiba, ibara ya 194, inasema mjumbe anayekosa vikao vinane bila ruhusa ya spika ya maandishi hupoteza kiti, kwa hiyo mahudhurio lazima yawe yanaandikwa. Hakuna karani anayeweza kuwaambia hayapo.

Someni Hansadi kwa subira. Mtakuta wajumbe ambao kwa miaka minne maneno yao ni "naunga mkono" tu. Mtakuta pia mjumbe mkimya majukwaani ambaye kwenye kamati amembana afisa kwa saa nzima kuhusu dawa zilizokosekana zahanati, na hakuna aliyejua wadini kwake kwa sababu hajui kujipigia ngoma. Nimeona hilo zaidi ya mara moja, na kila mara nimesikitika, maana mjumbe wa namna hiyo ndiye hushindwa na mwenye hema.

Chukueni pia ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu kuhusu kaunti yenu. Huchapishwa kila mwaka na huwa wazi kwa kila mtu. Ni ndefu, lakini tafuteni miradi iliyolipiwa na haikukamilika, muone kama kuna wa wadi yenu. Kisha muulizeni mheshimiwa: ripoti hii ilipofika bungeni, wewe ulisema nini? Hilo ni swali moja tu na linatosha kujaza mkutano.

Mwalimu mstaafu hana rekodi ya ofisi hiyo, na hilo si kosa lake. Msimpe kura kwa upole wake. Waulizeni wazazi wa shule alizosimamia: pesa za maendeleo zilisomwa kwenye mkutano? Mwambieni atangaze mali yake kwa hiari, pamoja na madeni. Sheria humtaka mtumishi wa umma atangaze mali akishaingia kazini na kila baada ya miaka miwili, lakini matangazo hayo hayabandikwi ukutani. Mwaniaji anayeweka karatasi yake mezani sasa anawapa kitu cha kulinganisha 2032.

Wote watatu watawaambia, "Mimi nimepitishwa na IEBC, mimi ni safi." Hapo muwe macho. Ni kweli Sura ya Sita ya Katiba inataka viongozi waadilifu, na Sheria ya Uongozi na Uadilifu ya 2012 inamtaka kila mwaniaji ajaze fomu ya kujieleza kuhusu mwenendo wake. Lakini ibara ya 193 inasema mtu hazuiwi kugombea mpaka njia zote za rufaa ziishe, na rufaa zetu mnazijua urefu wake. Cheti cha IEBC kinathibitisha kwamba mtu anaruhusiwa kuwa kwenye karatasi ya kura, basi. Hukumu za mahakama za juu zinapatikana bure katika tovuti ya Kenya Law. Mpeni kijana wenu aandike majina ya wawaniaji na ya kampuni zao, asome kinachotokea. Na kama kuna jambo zito lenye ushahidi, pingamizi dhidi ya uteuzi hupelekwa kwa kamati ya migogoro ya IEBC, ambayo ina siku 10 tu za kuamua. Ushahidi unatakiwa uwe kabatini kabla, maana siku hizo hazitoshi kuutafuta.

Sasa namna ya kuuliza. Wawaniaji wanapenda mkutano wenye spika kubwa na wacheza ngoma, kwa sababu huko hakuna anayesikia swali. Nyinyi waiteni kwenu, siku moja, kila mmoja kwa saa yake, chini ya mwembe au kwenye chekechea. Maswali yawe yale yale kwa wote, yameandikwa na wamepewa wiki moja kabla, ili mtu asiseme ameviziwa. Katibu aandike majibu neno kwa neno, mwisho amsomee, naye atie sahihi. Nisikudanganye: karatasi hiyo hamtaipeleka mahakamani mkashinda. Kikundi kimoja nilichokisaidia miaka ya nyuma kiliitunza yao ndani ya mkebe wa biskuti. Mwaka wa pili wa muhula, kwenye kikao cha maoni ya bajeti, mama mmoja akasimama akaisoma mbele ya MCA mwenyewe, na sahihi yake chini. Kisima kilichokuwa kimeachwa nje ya makadirio kikarudishwa kabla ya Juni. Hawakupiga kelele wala hawakumtukana mtu.

Msisahau mchujo wa vyama. Katika wadi nyingi kiti huamuliwa pale, miezi kadhaa kabla ya Agosti, na akina mama wengi hukaa nyumbani siku hiyo wakidhani ni mambo ya vijana wa chama. Akikosa tiketi, mwaniaji mzuri anaweza kusimama kama mgombea huru kwa kuungwa mkono na wapiga kura 500 wa wadi, mradi hakuwa mwanachama wa chama chochote katika miezi mitatu kabla ya uchaguzi. Ni njia ngumu, lakini ipo.

Umeniuliza tutambana vipi akishaingia. Wengi hukimbilia kumng'oa. Sheria ya Serikali za Kaunti inaruhusu wapiga kura kumrudisha nyumbani MCA, lakini si kabla ya miezi 24 tangu achaguliwe wala ndani ya miezi 12 kabla ya uchaguzi unaofuata, na ombi linahitaji sahihi za asilimia 30 ya wapiga kura waliosajiliwa wadini. Kwenye wadi yenye wapiga kura 12,000 hizo ni sahihi 3,600, na bado kuna sababu za kuthibitisha. Ni vyema mujue ipo, lakini nguvu zenu zitakwisha huko huku barabara ikiendelea kuharibika. Mimi ningezitia kwenye barua.

Barua, dada yangu. Ibara ya 35 ya Katiba inawapa haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Kupata Habari ya 2016 ikaeleza utaratibu: unaandika kwa Kiswahili au Kiingereza, hudaiwi sababu, na ofisi ina siku 21 za kujibu. Inaweza kujiongezea 14 ikiwa habari ni nyingi. Ikinyamaza au ikikataa, malalamiko yanakwenda kwa Ombudsman, yaani Tume ya Haki ya Utawala, kabla siku 30 hazijapita. Anzeni sasa hivi na huyu aliyepo, msingoje 2027. Kama hii:

"Kwa Karani wa Bunge la Kaunti. Sisi wanakikundi, wakazi na wapiga kura wa wadi iliyotajwa hapo juu, kwa mujibu wa Sheria ya Kupata Habari ya 2016, tunaomba nakala za: (1) mahudhurio ya mjumbe wa wadi yetu katika vikao vya bunge na vya kamati tangu Septemba 2022, (2) hoja na maswali yote aliyowasilisha, (3) orodha ya miradi ya wadi yetu iliyopitishwa katika bajeti ya mwaka uliopita, pamoja na kiasi kilichotengwa kwa kila mradi. Tuko tayari kulipia gharama ya kutoa nakala."

Itieni sahihi watu watano, na namba za vitambulisho. Chapisheni nakala mbili, mpeleke kwa mkono, na msiondoke kwenye dirisha la mapokezi mpaka ile ya pili igongwe muhuri wenye tarehe. Kuanzia tarehe hiyo mnahesabu siku 21.